Picha za kiwanda cha baruti cha Gretna na mji wake: nizisomeje na wanafunzi wa huku kusini?

mwl_masasi

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari moja huku Masasi. Tumefika Vita Kuu ya Kwanza na safari hii sitaki watoto wakariri 1914 hadi 1918 halafu basi, nataka niwawekee picha kwenye projekta waziulize maswali wenyewe. Sasa nimekutana mtandaoni na picha nyingi sana za kiwanda cha baruti cha Waingereza, kiliitwa HM Factory Gretna, kipo pale mpaka wa Uskoti na Uingereza unapopita, kilianza kujengwa 1915, na si kiwanda peke yake, kuna mji mzima ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, nyumba za matofali, hosteli, sinema, makanisa, yaani kila kitu.

Picha zenyewe zimenikaa kichwani. Karibu kila mtu humo ni binti, wamevaa magauni mapana ya kazi na kofia za kitambaa zimefunika nywele zote, wengine wamepiga mstari mbele ya banda la mbao wanacheka kabisa kama wapo harusini. Halafu kuna vijireli vyembamba vinapita katikati ya vibanda vilivyokaa mbalimbali na kila kibanda kimezungushiwa tuta la udongo. Na nyingi hazina jina la mahali, chini imeandikwa tu kiwanda cha silaha, basi.

Naomba msaada kwa anayeelewa. Kwanini wanawake watupu, kwanini mabanda yamekaa hivyo, nani aliwajengea mji mzuri hivyo katikati ya vita wakati pesa zote zilikuwa zinaenda kwenye mapigano? Na kubwa kuliko yote, nikimaliza kuonesha kuna mtoto atanyoosha mkono aulize mwalimu hii inatuhusu nini sisi watu wa Masasi. Nataka nimjibu jibu la kweli, si la kumnyamazisha.

fundi_baruti

Mwalimu karibu sana, mimi kazi yangu ni kupiga baruti machimboni upande wa Mtwara, kwa hiyo picha za namna hiyo nikiziona naanza kuangalia vitu ambavyo wengine hawaangalii.

Anza na hayo matuta. Yale si mapambo wala si ya kuzuia maji. Banda la baruti likilipuka, tuta linaurusha mlipuko juu badala ya kuupeleka pembeni kwa jirani, na ndio maana mabanda yamekaa mbalimbali, ili likiondoka moja liondoke peke yake na watu wachache waliomo. Angalia pia mabanda ni mepesi, mbao na paa jepesi. Ni makusudi. Ukiwa na jengo la zege likilipuka kila kipande cha zege kinakuwa kombora. Kwa hiyo ile picha inayoonekana kama kijiji kimetulia, mhandisi aliyeichora alikuwa tayari ameshahesabu ni nani atakufa na nani atabaki. Waambie wanafunzi waanzie hapo.

Pili, usichanganye na picha za wale kinadada wa ngozi ya njano. Wale walikuwa wanajaza TNT ndani ya makombora, na ndiyo iliyowageuza njano, viwanda vingine kabisa, mfano Chilwell ambako mlipuko wa Julai 1918 uliua watu 134. TNT ndiyo inayopasuka kombora likifika. Gretna wao walitengeneza kordaiti, na kordaiti kazi yake ni kusukuma, ndiyo inayotoa risasi kwenye bunduki na kombora kwenye mzinga. Bila hiyo mzinga ni bomba la chuma tu. Mwezi Mei 1915 magazeti ya London yalipiga kelele kwamba jeshi limekwama Ufaransa kwa sababu ya uhaba wa makombora, serikali ikatikisika, ikaundwa wizara mpya ya silaha chini ya David Lloyd George, na Gretna ni mtoto wa hiyo wizara.

Kordaiti inatoka kwenye vitu ambavyo ukivitaja mtoto wa Masasi atashangaa. Pamba, hii hii pamba, inapitishwa kwenye asidi. Gliserini, ambayo inatoka kwenye mafuta yale yale ya kutengenezea sabuni, nayo inapitishwa kwenye asidi inakuwa nitrogliserini. Halafu hivyo viwili vinachanganywa, na hapo ndipo wale mabinti walipoingiza mikono yao, walikuwa wanakanda kwa mikono kwenye beseni kama mtu anakanda unga wa chapati. Mwandishi Arthur Conan Doyle alitembelea wakati wa vita akauita ule mchanganyiko uji wa shetani, na makumbusho yaliyopo leo kijiji cha Eastriggs yamechukua jina hilo hilo.

Sasa nitrogliserini inaingia mwilini kupitia ngozi. Wenzetu wa zamani waliokuwa wanashika baruti ya jelatini kwa mikono mitupu watakwambia, kichwa kinagonga mpaka unashindwa kuinama. Na kule kulikuwa na mvuke wa etha, kimiminika cha kulainishia ule mchanganyiko, ulikuwa unawalevya wengine mpaka wanaanguka, na mvuke wa asidi unakula meno. Hakuna kitu cha hivyo kwenye picha. Kwenye picha wanacheka.

Nguo nazo ni hivyo hivyo. Hakuna kifungo cha chuma, hakuna pini ya nywele, hakuna pete, hakuna kiberiti. Cheche moja tu. Walikuwa wanasachiwa mlangoni kila wakiingia.

BintiMikindani

Shukrani fundi, umenifungulia macho kwenye hayo matuta. Mwalimu, mimi niongezee upande wa mji na upande wa picha zenyewe maana nimefanya kazi na picha za zamani muda mrefu.

Wanawake kwa sababu wanaume walikuwa mstari wa mbele, hilo ni rahisi. Lakini mpe mtoto namba zinasaidia. Mwaka 1917 Gretna ilikuwa na wanawake 11,576 na wanaume 5,066. Wengi walikuwa wafanyakazi wa ndani majumbani kwa watu, kiwanda kikawalipa zaidi kuliko walivyozoea ila chini ya wanaume. Na kwa kilele chake kilikuwa kinatoa kama tani 800 za kordaiti kwa wiki, eneo lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilometa 10, lina reli zake, umeme wake, maji yake.

Mji ulijengwa kwa sababu huwezi kuleta watu wote hao kwenye mashamba matupu wakalala wapi? Kwanza walikuja vibarua wa ujenzi maelfu kwa maelfu, wengi Waayalandi, wakawekwa kwenye mabanda ya mbao, mshahara ukitoka jioni wanapanda treni kwenda mji wa Carlisle kunywa na vurugu ikawa kubwa mno. Serikali ikafanya jambo ambalo mpaka leo watu hawaamini, 1916 ikanunua baa na viwanda vya pombe vya eneo lote ikaziendesha yenyewe, na utaratibu huo ulidumu mpaka miaka ya 1970! Kwa ajili ya mabinti zikajengwa hosteli zenye matroni, askari polisi wanawake, kumbi za dansi. Mipango ya miji ilisimamiwa na Raymond Unwin ambaye alishajulikana kwa miji yenye bustani. Na barabara za Eastriggs walizipa majina ya makoloni yao, Melbourne, Vancouver, Delhi.

Kwa hiyo swali lako nani aliwajengea mji mzuri hivyo, jibu ni kwamba aliyejenga ndiye aliyekuwa anahitaji wasiondoke. Kota, mwalimu. Sisi tunazijua kota. Nyumba ni ya mwajiri, kazi ikiisha na nyumba imeisha. Vita ilipokwisha Novemba 1918 wale wanawake waliachishwa haraka haraka, na miaka ya 1920 serikali ikauza mali.

Na kuna mtu mmoja usimwache, Kenneth Bingham Quinan. Ni Mmarekani lakini alitokea Afrika, alikuwa anaendesha kiwanda cha baruti cha De Beers, kampuni ya almasi, kule Somerset West karibu na Cape Town, kiwanda cha kutengeneza baruti za migodi ya almasi na dhahabu. Waingereza wakamuita 1914 vita ilipoanza na yeye ndiye aliyebuni Gretna. Yaani ujuzi wa kuendesha kiwanda kikubwa cha milipuko ulitoka huku kwetu barani, kwenye migodi ambayo waliochimba chini ni Waafrika. Sijawahi kuona darasa linafundishwa hilo na linaniuma.

Kuhusu picha kukosa jina la mahali, ilikuwa siri ya vita. Hata huyo Conan Doyle alipoandika gazetini hakutaja Gretna, aliita Moorside. Picha nyingi za wanawake viwandani zilipigwa kwa kazi maalumu, kuonesha taifa kwamba wanawake wanaweza na wanafurahi, ndio maana kila mtu amepangwa na kila mtu anacheka. Mfalme George wa Tano na mkewe walitembelea 1917 na kuna picha zake. Picha ya binti aliyezimia na etha utaitafuta sana, maana hakuna aliyetumwa kuipiga.

kijana_wa_Ligula

Samahanini lakini mimi napingana. Kila mwaka watoto wetu wanafundishwa viwanda vya Waingereza, mapinduzi ya viwanda, sijui Manchester, sijui nini. Vita ile ilipiganwa hapa hapa Lindi, watu walikufa hapa hapa, halafu mwalimu projekta moja aliyonayo aioneshee mabinti wa Uskoti. Muda wa kipindi dakika 40. Onesha mapigano ya Mahiwa ya 1917 uondoke.

mwl_masasi

Kijana nakuelewa na hasira yako naiheshimu, ila tatizo picha za Mahiwa zenyewe nazipata wapi? Nikitafuta Gretna zinamwagika, nikitafuta huku kwetu napata maafisa wa Kijerumani wamekaa na mbwa. Ndio maana nikauliza inatuhusu nini, nataka zile zinisaidie kufika hizi.

Mwana_Nyangao

Hapo hapo mwalimu, hapo ndipo pa kukamata.

Mimi ni mzaliwa wa Nyangao, Mahiwa ni jirani tu, ukipita barabara ya Mingoyo kwenda Masasi unapita katikati ya uwanja wa vita na watu wengi kwenye basi hawajui. Waingereza waliingia Lindi Septemba 1916 kwa meli. Mwaka uliofuata wakasukuma kwenda bara, na Oktoba 1917 kuanzia tarehe 15 mpaka 18 wakakutana na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, pale Mahiwa. Siku nne. Upande wa Waingereza, ambao askari wengi walikuwa Wanigeria, Wahindi na KAR (King's African Rifles, kikosi cha Waingereza chenye askari wa Afrika Mashariki), waliouawa na kujeruhiwa ni zaidi ya 2,000. Wajerumani walipoteza wachache zaidi lakini kwao ilikuwa hasara isiyozibika, risasi zao nyingi ziliisha, wakarudi nyuma mpaka Novemba wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Sasa mwalimu usije ukasema kombora fulani la Mahiwa lilitoka Gretna, huna haja ya kwenda huko. Chora mnyororo. Pamba na mafuta ya makoloni, ujuzi wa migodi ya Afrika Kusini, mikono ya mabinti, meli, gati la Lindi, halafu kichwa cha mpagazi. Mizigo mingi iliyoshuka gati ile ilipanda kichwani mwa mtu. Reli ya maana haikuwepo, mbung'o waliua wanyama wa kubeba. Mnyororo wote una picha isipokuwa kipande cha mwisho.

Na upande wa Mjerumani una mfano safi zaidi na uko nyumbani kabisa. Machi 1916 meli ya Kijerumani inaitwa Marie iliponyoka vizuizi vya Waingereza baharini ikaingia ghuba ya Sudi. Sudi hii hii ya kati ya Mikindani na Lindi! Ikashusha mizinga na risasi, na vyote hivyo vikaondoka Sudi vichwani mwa watu, maelfu ya wapagazi, kwa miguu kwenda mbali kaskazini. Manowari za Waingereza zilipokuja kuishambulia haikuzama, ilitoroka. Mizinga mingine iliyokuwa inalia huku kusini ni ile iliyotolewa kwenye meli ya vita ya Kijerumani Königsberg baada ya kuzamishwa Rufiji Julai 1915, nayo ilivutwa na watu.

Wapagazi waliokufa vita ile Afrika Mashariki wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, njaa na kuhara na uchovu kuliko risasi. Mkienda Dar pale kwenye sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927, maandishi yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Majina hayapo. Babu zetu wametajwa kama viungo vya mwili wa jeshi la mtu mwingine.

Kwa hiyo weka picha ya mabinti wa Gretna kushoto, kulia weka picha ya msafara wa wapagazi. Zipo. Mjerumani Walther Dobbertin alikuwa na duka lake la picha kwenye koloni na alipiga picha nyingi kabla na wakati wa vita, hifadhi ya taifa ya Ujerumani ilizitoa kwenye Wikimedia Commons, andika jina lake zinakuja. Halafu uliza darasa swali moja tu: hawa wa kushoto na wa kulia wote walibeba baruti, kwanini wa kushoto wamejengewa nyumba ya matofali?

kijana_wa_Ligula

Hiyo nimeikubali. Hapo hata mimi ningekaa dakika 40.

Mzee_wa_Shangani

Vijana hamjambo. Nimesoma yote taratibu.

Mnazungumza mji wa kampuni kama kitu cha ng'ambo, na ninyi mmekaa ndani yake. Mtwara hii wakati wa vita ile ya kwanza haikuwa mji, mji ulikuwa Mikindani, boma la Mjerumani lipo pale tangu 1895. Mtwara ya bandari na Nachingwea yenye kota vilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita ya pili. Kisa ni mafuta, yale yale aliyosema fundi. Uingereza ilitoka vitani haina mafuta ya kula wala ya sabuni, 1946 wakaja na wazo la kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, zaidi ya ekari milioni 3, vifaru vya vita vikageuzwa matrekta ya kung'olea visiki. Mpaka Januari 1951 walipotangaza kuacha zilikuwa zimeteketea pauni milioni 36 hivi. Reli ya Nachingwea nayo ikafa, miaka ya 1960 ikang'olewa.

Marehemu baba alikuwa kibarua kwenye ile reli. Ninayo albamu. Kuna picha ya daraja, Wazungu watatu mbele wameandikwa majina kwa kalamu ya wino kwa nyuma, na watu kama thelathini wamesimama na sururu hawajaandikwa chochote. Nawajua wanne. Baba alinionesha kwa kidole. Wengine wapo wajukuu zao hapa mjini na hawajui kwamba babu yao ana picha.

Mwalimu, ukimaliza hiyo Gretna yako waambie watoto waende nyumbani waulize. Masasi reli ilifika, Nachingwea hapo jirani. Albamu zipo kwenye masanduku zinaliwa na mchwa.

mwl_masasi

Shikamoo mzee. Nimesoma nikasimama. Kama utaniruhusu nije na wanafunzi wachache tukuskanie hiyo albamu na tuandike hayo majina manne kwanza kabla ya chochote. Na wakuu wengine, hivi hizi za Gretna naruhusiwa kuziweka darasani au nitapata kesi?

Mzee_wa_Shangani

Marahaba. Njooni. Jumamosi asubuhi, si Ijumaa. Na wale watoto waje na daftari, majina nitayasema na ukoo na kijiji, nisiyemjua nitawapeleka kwa mzee mwingine wa Chikongola ambaye alikuwa fundi wa injini.

BintiMikindani

Shikamoo mzee. Mwalimu, kwa darasani usiwe na wasiwasi. Picha zilizopigwa na serikali ya Uingereza wakati ule haki zake zilishaisha, na makumbusho ya vita ya London, Imperial War Museums, ambayo ndiyo yenye mkusanyiko mkubwa wa picha za kazi za wanawake, inaruhusu matumizi yasiyo ya biashara ukitaja zilipotoka. Soma masharti chini ya kila picha na nakili namba ya picha, usichukue zile zilizokatwa na watu mitandaoni maana wanakata pembeni na pembeni ndiko kuna vitu, matuta, reli, askari mlangoni.

Ongeza na Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig aliyepita Lindi, Masasi na Newala 1906 mwaka mmoja tu baada ya Maji Maji kuanza. Alipiga picha za Wamakonde, Wamakua na Wayao na kurekodi nyimbo. Nazo zisomwe hivyo hivyo, nani alishika kamera na nani aliambiwa asimame. Ila nyuso zipo, na ni nyuso za huku.

Na kwa albamu ya mzee, picha ikiwa imeganda kwenye karatasi msiibandue. Pigeni na simu ikiwa humo humo, mchana, kivulini, bila flashi, simu iwe sawa juu ya picha isiinamie upande. Pigeni mbele na nyuma yenye maandishi. Majina yaandikwe kwa penseli laini kwenye karatasi ya pembeni, si kwenye picha yenyewe, mpange kwa safu kutoka kushoto, na asiyejulikana aandikwe pia, mtu wa tano safu ya pili, ili siku mjukuu akitokea ajue anaweka jina wapi. Nakala moja abaki nayo mzee.

fundi_baruti

Mimi nina skana ofisini na printa ya rangi. Mwalimu nitumie ujumbe, Jumamosi nitakuja nayo Shangani na genereta ndogo kama umeme utakatika.